Waya hauna lebo: ushuru wa kaboni wa Ulaya na umeme unaovuka mpaka

Kati ya Januari na Machi 2018, saa za ukutani na za majiko ya umeme katika sehemu kubwa ya bara la Ulaya zilianza kuchelewa. Kidogo kidogo, mpaka zikawa nyuma kwa karibu dakika sita. Hazikuwa mbovu. Saa za aina hiyo huhesabu mapigo ya umeme unaotoka kwenye soketi, mapigo 50 kila sekunde, na kwa wiki kadhaa mapigo hayo yalipungua kwa kiasi ambacho hakuna mtu angekihisi. Chanzo kilikuwa mbali: Kosovo ilikuwa inatumia umeme mwingi kuliko unaozalishwa, Serbia yenye jukumu la kusawazisha eneo lile haikusawazisha, na pengo la gigawati-saa 113 likabebwa na gridi nzima, kuanzia Hispania hadi Uturuki. Yaani kuna watu Uholanzi waliochelewa kazini kwa sababu ya ugomvi wa Pristina na Belgrade, na hawakujua.

Kisa hiki kiweke kichwani, msomaji, maana kinaonyesha jambo ambalo sheria ninayoijadili leo inalijua na papo hapo inajifanya hailijui. Gridi ni mwili mmoja. Ukiifinya Serbia, saa ya Amsterdam inashtuka. Sasa hebu jaribu kuweka forodha katikati ya mwili huo, uulize kila kilowati-saa inayopita: wewe umetoka wapi, na ulitoa moshi kiasi gani ulipozaliwa?

Ndicho Umoja wa Ulaya ulichofanya. Sheria ya ushuru wa kaboni mpakani, wengi wanaijua kwa kifupi chake CBAM, ilipitishwa Mei 2023. Kuanzia Oktoba 2023 hadi mwisho wa 2025 kilikuwa kipindi cha majaribio: waagizaji wanatoa taarifa tu, hawalipi. Tangu tarehe 1 Januari 2026 deni linahesabiwa kweli. Bidhaa zinazoguswa ni saruji, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme. Wazo lake ni rahisi na mimi naliunga mkono. Kiwanda cha Ujerumani kinalipia kila tani ya hewa ukaa kinayotoa, basi bidhaa ya aina ileile inayotoka nje ilipiwe hivyohivyo, la sivyo viwanda vitahamia upande wa pili wa ua na moshi utaendelea kupanda angani uleule.

Kwa umeme sheria hii ni kali kuliko kwa bidhaa nyingine zote. Chuma na saruji vinaingizwa kwenye malipo taratibu, kwa sababu viwanda vya Ulaya vyenyewe bado vinapewa vibali vingi vya bure, na vibali hivyo vinapunguzwa mwaka hadi mwaka. Vituo vya umeme vya Ulaya kwa jumla havipewi vibali vya bure, hivyo umeme wa kutoka nje unalipa gharama kamili kuanzia siku ya kwanza. Msamaha wa waagizaji wadogo, wale wasiofikisha tani 50 kwa mwaka, nao hauuhusu umeme. Kwa hiyo kama kuna mahali kipimo kinatakiwa kiwe sahihi, ni hapa.

Sasa twende kwenye kipimo chenyewe.

Umeme una tabia ya pesa ya vikoba. Unapeleka noti yako ya elfu kumi Jumamosi, siku ya kukopa unapewa noti nyingine kabisa, na hakuna mwanachama mwenye akili timamu atakayeuliza, "Hii noti ilitoka mfukoni mwa nani?" Kinachofuatiliwa ni daftari: nani aliweka kiasi gani, nani alichukua kiasi gani. Kwenye nyaya ni vilevile, tena zaidi, kwa sababu nguvu inayosafiri hujigawa yenyewe katika njia zote zilizopo, nyingi ikipita penye upinzani mdogo, kama Kirchhoff alivyoeleza katika karne ya 19. Mkataba unaweza kusema umeme unatoka A kwenda B. Nyaya zitaupitisha pia C na D bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo swali la "umeme huu umetoka mtambo gani" halina jibu kwenye waya wenyewe. Jibu liko kwenye daftari, na daftari huandikwa kwa kanuni ambazo watu wamezichagua. Kanuni mbaya, daftari baya.

Sheria ya 2023 imechagua kanuni hii: kama huwezi kuthibitisha vinginevyo, umeme unaotoka nchi fulani utahesabiwa kuwa na hewa ukaa sawa na wastani wa umeme unaozalishwa kwa fueli za kisukuku katika eneo hilo. Rudia kusoma sentensi hiyo. Wastani haujumlishi umeme wote wa nchi. Unachukua ule wa makaa ya mawe, mafuta na gesi tu. Mabwawa, upepo, jua, jotoardhi na nyuklia vimetolewa kwenye hesabu kana kwamba havipo.

Chukua Montenegro. Ni nchi ndogo yenye kituo kimoja tu kikubwa cha makaa, kiko Pljevlja, kina takriban megawati 225. Pembeni kuna mabwawa ya Perućica na Piva, kuna mashamba ya upepo ya Krnovo na Možura. Mwaka 2019 ulizinduliwa waya wa chini ya bahari kutoka pwani ya nchi hiyo hadi Italia, wenye uwezo wa megawati 600. Kwa kipimo cha sheria, kila kilowati-saa ya Montenegro inayoingia kwenye waya ule, hata usiku wa mvua kubwa mabwawa yakiwa yamefurika, inahesabiwa kwa moshi wa Pljevlja. Kuna utani wa kusikitisha hapa: mwaka 2025 kituo hicho kilisimamishwa kwa miezi kadhaa ili kifungiwe mitambo ya kupunguza uchafuzi. Makaa hayakuwaka, lakini kipimo hakina jicho la kuona hilo.

Au tulete nyumbani, kama mfano wa kufikirika tu. Tuseme kungekuwa na waya kutoka Kenya hadi Ulaya. Sehemu kubwa mno ya umeme wa Kenya inatoka kwenye jotoardhi la Olkaria, kwenye mabwawa, na kwenye upepo wa Turkana wenye megawati 310. Kwa kanuni hii vyote vingetoweka, na Kenya ingepimwa kwa jenereta zake za mafuta mazito. Tanzania nayo ingepimwa kwa gesi ya Kinyerezi na Ubungo, na bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lisingekuwepo kwenye karatasi. Mkenya akiambiwa hivyo atacheka. Mmontenegro analipa.

Najua utakachosema: basi walioandika sheria hawajui fizikia? Hapana, wanaijua vizuri, na hoja yao ina nguvu kuliko wakosoaji wengi wanavyokubali. Hebu niieleze kwa haki kabla sijaipinga.

Hoja ya kwanza ni ya mtambo wa mwisho. Mahitaji yakiongezeka kwa megawati moja, nani anaongeza moto? Mto hauongezi maji kwa sababu Italia imeomba, na upepo hauvumi zaidi kwa sababu bei imepanda. Anayeongeza, mara nyingi, ni mtu wa makaa au gesi. Kwa hiyo ukiuza umeme nje, umeme wa ziada uliozalishwa kwa ajili ya mauzo hayo huenda ukawa mchafu, hata kama nchi kwa wastani ni safi. Wastani wa nchi nzima ungedanganya kwa upande wa pili.

Hoja ya pili ni ya kubadilishana lebo. Fikiria kampuni ya Serbia yenye mabwawa na vituo vya lignaiti, yale makaa ya kahawia yenye unyevu mwingi na joto kidogo. Ukimruhusu mwenye kampuni achague, atakuambia: umeme wa bwawa tumewauzia Ulaya, wa makaa wamebaki nao wananchi wetu. Daftari litang'aa. Bomba la moshi la Obrenovac litaendelea kama jana. Hili limewahi kutokea. California ilianza mwaka 2013 kutoza kaboni kwenye umeme unaotoka majimbo jirani, na umeme usiojulikana chanzo chake ukawekewa kiwango cha tani 0.428 kwa megawati-saa. Mwaka huohuo kampuni moja kubwa ya umeme ya California ikauza hisa zake za kituo cha makaa cha Four Corners huko New Mexico kwa kampuni ya Arizona. Kwa vitabu vya California moshi ule uliondoka. Vitengo viwili vilivyouzwa viliendelea kuchoma makaa.

Na hata sisi Waafrika tumo kwenye hoja hii. Kati ya Morocco na Hispania kuna nyaya mbili za chini ya bahari, ya kwanza ya 1997, ya pili ya 2006, kila moja takriban megawati 700. Miaka mingi Hispania ndiyo ilikuwa inauza. Mwishoni mwa 2018 kituo kipya cha makaa cha Safi kikaanza kazi upande wa Morocco, bei ya kaboni Ulaya ilikuwa imepanda, na mwaka 2019 mkondo ukageuka: Hispania ikawa inaingiza zaidi ya inayotoa. Vituo vya Hispania vinalipia moshi, cha Safi hakilipi, na umeme ni uleule. Serikali ya Hispania ililalamika, na ilikuwa na haki ya kulalamika. Anayesema ushuru huu ni wivu wa matajiri tu aeleze kwanza kilichotokea kwenye mlango ule wa bahari.

Kwa hiyo sina ugomvi na ushuru. Ugomvi wangu ni na saa.

Mtambo wa mwisho, ule unaoongeza moto, si mtambo mmoja kwa mwaka mzima. Unabadilika saa kwa saa. Saa saba mchana wa Juni anaweza kuwa mwenye paneli za jua ambaye amezimwa nusu kwa kukosa mteja. Saa mbili usiku atakuwa mwenye gesi. Sheria imechukua wazo linaloishi kwa saa, ikalikandamiza kuwa namba moja ya muda mrefu kwa nchi nzima. Hapo ndipo hoja nzuri inageuka kuwa kipimo kibovu.

Mfano bora ni Uingereza. Kituo chake cha mwisho cha makaa, Ratcliffe-on-Soar, kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Fueli ya kisukuku inayobaki ni gesi karibu yote. Ina nyaya nyingi chini ya bahari kwenda Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Denmark. Ule wa Denmark peke yake una megawati 1,400. Sasa jiulize, Uingereza inauza umeme lini? Sababu ni nyingi, Ufaransa kuwa na upungufu mojawapo, lakini sababu kubwa na inayokua ni usiku wenye upepo mkali Bahari ya Kaskazini, mitambo ya upepo inazalisha kupita mahitaji na bei inaporomoka. Saa hizo wanazokuwa na hamu ya kuuza ndizo saa ambazo umeme wao ni safi zaidi. Kipimo kinawaambia: huu ni wa gesi. Tuseme bei ya kaboni ni euro 75 kwa tani na kiwango ni tani 0.4 kwa megawati-saa. Hapo ni euro 30 juu ya kila megawati-saa ya upepo. Mara nyingi tofauti ya bei kati ya pande mbili za bahari haifiki euro 30. Matokeo yake mitambo ya upepo inazimwa Scotland, na ng'ambo ya bahari kituo cha gesi kinaendelea kuwaka. Ushuru wa kupunguza moshi umeongeza moshi. London na Brussels zilikubaliana Mei 2025 kushughulikia kuunganisha masoko yao ya kaboni, jambo ambalo likikamilika litaondoa tatizo kwao. Norway na Uswisi hazina tatizo hili kabisa, maana tayari zimo au zimeungana na soko la kaboni la Ulaya, umeme wao unapita bila kuulizwa jina. Balkani Magharibi haina mlango wa haraka kama huo.

Turudi Balkani basi, maana huko ndiko hesabu inauma. Lignaiti hutoa takriban tani moja ya hewa ukaa kwa megawati-saa. Kwa bei yetu ya mfano, ushuru kwa umeme wa Serbia au Bosnia ni kama euro 75. Fikiria siku moja ya kiangazi. Mchana Hungary imejaa umeme wa jua, bei iko chini kabisa, hakuna anayeagiza kutoka Serbia, na ushuru haufanyi chochote. Jioni jua limezama, viyoyozi bado vinanguruma, bei ya Budapest inaruka juu sana. Hapo hata umeme uliotozwa euro 75 unaweza kuingia na kupata faida. Saa zinazokufa ni za katikati: usiku wa manane, asubuhi, siku za masika, saa ambazo tofauti ya bei ni euro 10 au 20 na biashara ilikuwa inasaidia pande zote mbili bila kelele.

Umeme usiouzwa nje unabaki ndani, na bei ya ndani inashuka. Vizuri kwa mwenye makaa kupata hasara, ndiyo nia. Lakini bei ya soko ni moja kwa wote. Mwenye bwawa, mwenye upepo, mwekezaji aliyekuwa anaandaa mradi wa jua Herzegovina, wote wanauza kwa bei hiyohiyo iliyoshuka. Ushuru uliokusudiwa kumfanya mtu ajenge mitambo safi unamwambia: ukijenga, umeme wako utapimwa kwa moshi wa jirani yako. Hapo mimi nashindwa kuwaelewa kabisa.

Halafu kuna bwawa la Bajina Bašta. Kituo hiki cha Serbia kina mitambo inayoweza kugeuka: umeme ukiwa rahisi inavuta maji kuyapandisha mlimani, ukiwa ghali inayaachia yashuke yazalishe. Megawati 614, ni betri ya maji. Kwa gridi yenye jua jingi mchana na kiu kubwa jioni, hiki ni kitu cha thamani. Sasa fuata mkondo. Saa saba mchana Serbia inanunua umeme wa jua wa Hungary ambao ungetupwa. Inapandisha maji. Saa mbili usiku inayashusha na kuwarudishia Wahungary umeme wao. Kwenye kipimo cha mpakani, umeme ule umetoka Serbia, basi ni lignaiti. Jua la Hungary limekwenda likizo mlimani, limerudi na masizi.

Utasema sheria inaruhusu kuthibitisha kiwango halisi. Ni kweli, inaruhusu. Masharti yake nayaeleza kwa maneno yangu. Uwe na mkataba wa kununua umeme moja kwa moja kutoka kwa mzalishaji. Mtambo uwe umeunganishwa moja kwa moja na gridi ya Umoja, au uthibitishe kwamba wakati wa kuuza hapakuwa na msongamano wowote kwenye nyaya kati ya mtambo na mpaka. Mtambo usitoe zaidi ya gramu 550 za hewa ukaa kwa kilowati-saa. Nafasi kwenye nyaya iwe imeshikwa na waendeshaji wote wa gridi njiani, na uzalishaji na usafirishaji vilingane ndani ya muda usiozidi saa moja. Kisha mkaguzi aliyeidhinishwa athibitishe yote.

Msongamano kwenye mipaka ya Balkani ni jambo la kila siku, kwa hiyo sharti la pili peke yake linawatoa wengi. Ila kinachonichekesha ni la nne. Mwenye shamba la upepo anadaiwa hesabu ya saa kwa saa. Anayemdai anatumia namba ya muda mrefu ya nchi nzima. Kama saa kwa saa inawezekana kwa kampuni ndogo ya Mostar, inashindikanaje kwa Tume ya Ulaya? Data ipo. Tangu 2015 waendeshaji wa gridi za Ulaya wanachapisha hadharani, bure, kiasi kinachozalishwa kila saa kwa kila chanzo, zikiwemo nchi kadhaa za Balkani. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye kompyuta ya mkopo anaweza kuipakua usiku mmoja na kukuchorea ni saa zipi makaa yalikuwa yanaongoza.

Ngoja, nisijifanye kwamba kupima kwa saa kunamaliza kila kitu. Kuna fumbo la maji, na linanisumbua. Maji ya bwawa ni akiba. Albania, ambayo umeme wake wa ndani kwa sehemu kubwa ni wa maji, ikiuza usiku wa leo wakati bwawa la Fierza limejaa, saa hiyo mauzo ni safi bila ubishi. Lakini maji yale yakiisha Agosti, Albania itaagiza umeme kutoka kwa majirani, na majirani wanachoma makaa. Je, mauzo ya Aprili yalikuwa safi? Kwa saa, ndiyo. Kwa mwaka, inategemea maji yale yangefurika na kumwagika bure, au yangetunzwa. Hilo halijibiwi na daftari la saa moja, linahitaji mtu atazame bwawa lote na msimu wote. Kwa Serbia nako huenda kipimo cha saa kikatoa jibu lisilo mbali sana na la sasa, kwa kuwa theluthi mbili hivi za umeme wake ni lignaiti na saa nyingi makaa yanawaka. Watakaopata nafuu ya kweli ni Montenegro, Albania, Uingereza, na Ukraine, ambayo zaidi ya nusu ya umeme wake kabla ya vita ulitoka kwenye nyuklia na kanuni hii haiioni nyuklia kabisa.

Lakini kipimo kinachokosea penye ugumu ni tofauti na kipimo kinachokosea penye urahisi kwa makusudi. Na kwamba ni makusudi kunaonekana ukifungua kurasa nyingine za sheria ileile. Saruji na mbolea hupimwa pamoja na umeme uliotumika kuzitengeneza. Katika kipindi cha majaribio, kiwango cha kawaida cha umeme huo kilikuwa wastani wa gridi nzima ya nchi, mabwawa na upepo vikiwemo. Kwa hiyo kilowati-saa moja ya nchi moja, ikiingia Ulaya ndani ya mfuko wa saruji, ina hewa ukaa hii. Ikiingia kupitia waya, ina nyingine, kubwa zaidi. Kuna sababu za kiufundi za kutofautisha, nimezisoma, na bado naona mtu mmoja ameshika mizani mbili.

Mlango wa msamaha upo, tuupite haraka. Nchi ikiunganisha soko lake la umeme na la Ulaya, yaani mnada mmoja wa pamoja ambamo kompyuta inapanga nani anamuuzia nani, inakuwa vigumu kusema mwagizaji ni nani. Hakuna mtu aliyesaini, kuna hesabu tu iliyopata jibu. Sheria inakiri ugumu huo na inatoa msamaha hadi 2030, kwa masharti: kufuata kanuni za soko la Ulaya, kuahidi kutotoa kaboni ya ziada ifikapo 2050, na kuwa na bei ya kaboni inayolingana na ya Ulaya kabla ya 2030. Tarehe 1 Januari 2026 ilipofika, hakuna nchi ya Balkani Magharibi iliyokuwa imepita mlango huo. Bei ya kaboni iliyolipwa nyumbani nayo inakatwa kwenye deni, lakini uone ukubwa wa pengo: Ukraine tangu 2022 inatoza hryvnia 30 kwa tani, chini ya euro moja.

Sasa, mbona nakusumbua na Montenegro wakati umeme wako unaununua kwa tokeni? Kwa sababu swali hili tayari limepiga hodi kusini mwetu. Kiwanda cha alumini cha Mozal, nje kidogo ya Maputo, kimekuwa kikiuza sehemu kubwa ya alumini yake Ulaya. Alumini ni umeme ulioganda, kila tani inakunywa megawati-saa kumi na kadhaa. Umeme wa Mozal unatajwa kuwa wa bwawa la Cahora Bassa, kwenye Zambezi. Lakini waya mkubwa kutoka Cahora Bassa unaenda kwanza Afrika Kusini, unaingia kwenye gridi ya Eskom ambayo imejaa makaa, na Eskom ndiyo inayouza umeme kwenda Maputo. Kwa alumini, kwa sasa, sheria inapima moshi wa kiwandani tu na haihesabu umeme. Ikibadilishwa uhesabiwe, jambo ambalo sheria yenyewe imeacha nafasi lichunguzwe, basi alumini ya Mozal itakuwa ya maji au ya makaa? Tofauti ni kati ya karibu sifuri na zaidi ya tani kumi za hewa ukaa kwa kila tani ya alumini. Mkataba wa umeme wa kiwanda hicho ulikuwa umepangwa kwisha Machi 2026, na mvutano wa bei ya mkataba mpya ndio uliotawala habari. Swali la moshi likafunikwa.

Na kwetu nyaya zinaungana. Ethiopia imeunganishwa na Kenya tangu 2022 kwa laini ya kilovolti 500 kutoka Sodo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000. Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa kilovolti 400 kupitia Isinya hadi Singida, na Tanzania imeshatangaza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Umeme wa Ethiopia ni wa mabwawa karibu wote. Ukifika Arusha ukatumika kiwandani, na bidhaa ya kiwanda ikapelekwa Ulaya, mhasibu wa forodha ataandika nini: maji ya Ethiopia, jotoardhi la Olkaria, au gesi ya Kinyerezi? Jibu litatokana na data ya saa kwa saa ambayo waendeshaji wetu wa gridi wanachapisha, au hawachapishi. Kwa sasa ukitafuta takwimu za umeme wa kanda yetu, mara nyingi utaishia kwenye ripoti ya mwaka yenye jedwali moja. Vyeti vya kwanza vya CBAM vimepangwa kuanza kuuzwa Februari 2027, kwa bidhaa zilizoingia 2026.